Farasi Aliijua Njia

Ndugu msomaji, hebu ipitie miswada yetu waandishi chipukizi wa mjini, ile tunayosomeana jioni vibarazani na kwenye madarasa ya kuazima. Humo farasi hakosekani. Shujaa anakimbia kama farasi. Baunsa ana nguvu za farasi. Msichana amefunga nywele nyuma, zinachezacheza kama mkia wa farasi. Lakini farasi mwenyewe hayumo. Hali nyasi, hatoki jasho, hapigi kwato chini kwa kuchoka kufungiwa. Ni pambo tu, kama ua la plastiki juu ya meza ya sebuleni.

Haikuanzia kwetu. Tenzi za kale za pwani zimejaa farasi wa vita, wakati punda ndiye aliyebeba mizigo katika vichochoro vya Lamu, na mpaka leo anaibeba. Huko bara mbung'o aliwafukuza farasi katika sehemu nyingi. Kwa hiyo farasi alitufikia zaidi kama neno kuliko kama mnyama. Sasa mwandishi akishika neno ambalo mnyama wake hajamgusa, afanye nini? Aliache? Au akajifunze?

Nimechagua hadithi tatu za watu waliomjua mnyama, na zote zinamkuta farasi wakati mgumu, majira ya baridi. Ya kwanza ni ya Mrusi Leo Tolstoy, ya pili ni ya Mmarekani John Steinbeck, ya tatu ni ya Mwingereza Anna Sewell. Hoja yangu ni kwamba katika hadithi hizi uzito wote unabebwa na kazi ndogo ndogo za mikono: nani anamfunika farasi, nani anashika hatamu, nani anasubiri kwenye baridi. Na hata pale mwandishi anapoijua kazi hiyo vizuri, tuna haki ya kumwuliza swali moja zaidi: mwisho wa safari, gharama kalipa nani?

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe, maana theluji wengi wetu tunaiona kwenye kalenda yenye picha ya Kilimanjaro. Katika nchi za baridi, majira hayo yakiingia farasi hukaa bandani muda mrefu. Malisho yamefunikwa. Ardhi imekuwa ngumu kama saruji, au inateleza kama sabuni. Farasi anakula nafaka, kazi hana, nguvu zinamjaa mwilini. Siku akitolewa anaruka, anarusha mateke, anashtuka hata kwa jani. Asiyejua atasema: huyu ana kiburi, mchape. Anayejua atasema: huyu ana siku nne hajanyoosha miguu.

Anayejua hakurupuki kupanda. Siku zisizo na kazi anapunguza nafaka. Kila inapowezekana anamtoa nje, hata kama ni kutembea tu. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, anakipasha kwanza kwa viganja vyake, maana chuma chenye baridi kali ni mateso juu ya ulimi. Anakagua kwato, kwa sababu theluji hujishindilia chini yake ikawa donge gumu, na farasi akawa anatembea kama mtu aliyekanyaga mipira. Anamzungusha kwa kamba ndefu ili zile rukaruka za mwanzo ziishe bila mtu mgongoni. Akishapanda, anakwenda mwendo wa kutembea dakika 10 au 15, hata zaidi, misuli ipate moto. Ndipo unakuja mchakamchaka, na shoti kama ardhi inaruhusu. Kurudi mambo yanageuzwa: kutembea tena mpaka pumzi itulie, kumkausha, kumfunika.

Hapo kwenye kukausha pasikupite hivi hivi. Farasi mwenye afya, aliyeota manyoya yake ya majira ya baridi, anavumilia baridi kuliko tunavyodhani, ilimradi manyoya yawe makavu. Yakiwa makavu yanasimama na kunasa hewa, nayo inamtunzia joto kama blanketi. Yakilowa kwa jasho au kwa mvua yanalala, blanketi limekwisha. Kumkimbiza mpaka alowe halafu kumsimamisha penye upepo ni kumtafutia maradhi.

Sasa twende kwa Tolstoy. Hadithi yake ya mwaka 1895 wanaoisoma kwa Kiingereza wanaijua kama Master and Man. Kwa Kiswahili mimi ningeiita Tajiri na Kibarua, kwa sababu ndivyo vibarua wa huku wanavyomwita mwenye mali: tajiri. Tolstoy alipanda farasi tangu ujana mpaka uzeeni. Mwaka 1854 alipotea safarini kwenye dhoruba ya theluji, na mwaka 1856 akachapisha hadithi juu ya dhoruba. Zikapita karibu miaka 40 kabla hajairudia theluji ile kwa hadithi hii. Sisi tunaotaka kumaliza riwaya kwa likizo moja, tuitazame hiyo miaka 40.

Tajiri wa hadithi ni Vasili Andreich Brekhunov, mfanyabiashara wa kijijini. Anataka kuwahi kununua msitu kwa bei ya kutupa kabla wenzake hawajafika. Kibarua ni Nikita. Mtu wa kazi kama yeye angestahili rubli 80 kwa mwaka. Tajiri anampa kama 40, tena kidogo kidogo, na sehemu kubwa ni bidhaa za dukani kwake kwa bei ya juu. Vijana mnaofanya deiwaka mjini, hapo hamhitaji maelezo.

Farasi wao anaitwa Mukhorty. Ni dume, kijana, amenona, ana nguvu za kuchezea. Nikita anakwenda bandani kumtoa, anaongea naye kama anavyoongea na mtu. Mukhorty anatoka kwa mbwembwe, na wakielekea kisimani anarusha mguu wa nyuma kana kwamba anataka kumpiga Nikita teke. Kwato inagusa koti la ngozi kidogo tu, basi. Nikita anaupenda sana mchezo huo. Soma sehemu hiyo polepole. Mwandishi asiyejua farasi angeandika teke, na kibarua akaruka pembeni akitukana. Tolstoy anajua kwamba farasi anayecheza anakupimia nafasi, na kwamba mtu anayemtunza kila siku anaijua tofauti kati ya utani na ubaya. Katika aya chache umeshajua nani ana uhusiano na nani. Tajiri bado hajapanda hata gari.

Wanaondoka na sleji, gari la kuteleza juu ya theluji lisilo na magurudumu. Dhoruba inakuja, wanapotea. Wanajikuta katika kijiji cha Grishkino bila kukusudia, wanakipita, wanapotea tena. Safari hii hatamu anashika Nikita, na anachofanya ni kuzilegeza. Anamwachia Mukhorty achague mwenyewe. Farasi anageuza masikio huku na huku, anakata shauri, na anawarudisha Grishkino. Wenyeji wanawapa chai na kuwaomba walale. Tajiri anakataa. Msitu utachukuliwa na wengine, bwana! Wanatoka tena gizani. Mwisho wanakwama kwenye bonde, usiku, theluji ikishuka.

Angalia mikono ya Nikita hapo. Anamfungua farasi kutoka kwenye sleji. Anamfunika kwa turubai la gunia na kumwekea matandiko juu yake ili lisipeperuke. Anamwekea majani makavu ale. Baada ya hapo ndipo anapojitafutia mahali pa kujikunyata. Hakuna hotuba yoyote. Kwa kufuata utaratibu ule tu, unajua mtu huyu ameishi vipi miaka yote.

Halafu anafuata mpanda farasi mbaya kuliko wote niliowahi kuwasoma. Usiku wa manane tajiri anaamua kumwacha Nikita afe. Anajirusha juu ya mgongo wa Mukhorty akiwa na makoti yake mawili, bila tandiko la kukalia, akimpiga kwa visigino. Farasi amechoka, amelowa, amesimama saa nyingi kwenye baridi, na huyu anataka aende mbio kule anakotaka yeye. Anaona weusi mbele, anadhani ni kijiji. Kumbe ni magugu yaliyochomoza juu ya theluji, yanatikiswa na upepo. Anaendelea, anakutana na magugu yale yale. Amezunguka duara. Mukhorty anazama kwenye lundo la theluji, tajiri anashuka, farasi anajikwamua na kutokomea. Tajiri anafuata nyayo kwa hofu, na zinamfikisha kwenye sleji. Farasi alikuwa amerudi kwa Nikita.

Farasi ni yule yule, usiku ni ule ule. Alipolegezewa hatamu alifika kijijini. Alipolazimishwa alizunguka duara. Tolstoy hasemi hivyo kwa maneno. Anaachia kazi iseme, na kwangu mimi hapo ndipo hadithi inapomaliza kusema yote iliyokuja kusema kuhusu utajiri.

Lakini Tolstoy anaendelea, na hapo nina ugomvi naye. Tajiri anamkuta Nikita anakata roho. Ghafla moyo wake unageuka. Anafungua koti lake la manyoya, anamlalia kibarua wake ili kumpa joto, na usiku huo anakufa akiwa na furaha ambayo hajawahi kuipata. Nikita anapona, kapoteza vidole vitatu vya mguu. Wasomaji wengi wanalia hapo, wanafunga kitabu wakiwa wametakaswa. Na Mukhorty? Asubuhi anakutwa amekufa kwa baridi, amesimama, theluji imemfika tumboni.

Kabla ya hapo kuna jambo dogo ambalo wasomaji wanalipita mbio. Tajiri akiwa amemlalia Nikita anaona kwamba upepo umelifunua turubai la farasi. Anafikiri: inabidi niinuke nikamfunike. Hainuki. Hataki kumwacha Nikita, na hataki kuivuruga furaha yake hata kwa dakika moja.

Msomaji, huyu ni yule yule aliyempanda farasi usiku kwa nguvu, akaondoa ule mpangilio wa Nikita wa turubai na matandiko. Sasa ameokoka, anaimba moyoni, na farasi aliyewarudisha kijijini anaganda hatua chache kutoka alipo. Kumbe hata toba ina uchoyo wake! Kuna watakaosema: ndugu yangu, mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili, na angeinuka Nikita angekufa. Sawa, nakubali. Katika hesabu ya roho, mtu ametangulia. Lakini sikubali kwamba kwa sababu hiyo tusiitazame gharama. Sifa za Tolstoy ni kwamba alilitia jambo hilo ndani ya hadithi. Angeweza kulificha, asingejua mtu. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba baada ya kulitia akaharakisha kwenda kwenye ndoto na nuru ya tajiri, na farasi akabakiwa na nafasi finyu asubuhi, kama mzigo uliokutwa barabarani. Nikita angemwandikia zaidi.

Steinbeck hamalizi kwa nuru. Sehemu ya kwanza ya The Red Pony, iliyotoka mwaka 1933, inamhusu Jody, mtoto wa miaka kumi katika shamba la California. Baba yake anamletea mwanafarasi mwekundu, naye anamwita Gabilan. Kazi ya malezi imeandikwa hatua kwa hatua: kumpiga brashi, kumzungusha kwa kamba ndefu, kutembea, mchakamchaka, shoti, halafu tandiko. Gabilan ni mtundu, na Jody anajifunza kusoma masikio yake kama sisi tunavyosoma uso wa mwalimu asubuhi. Siku ya kumpanda imeshapangwa. Msimu wa mvua za baridi umekwishaingia.

Billy Buck, mfanyakazi wa shamba, ndiye bingwa wa farasi. Jody anamwuliza kama mvua itanyesha, maana anataka kumwacha Gabilan nje apate jua wakati yeye yuko shule. Billy anasema haielekei, na ikinyesha atamwingiza. Mvua inanyesha. Billy hayupo karibu. Mtoto anarudi na kumkuta mnyama wake amesimama uani, amelowa chapa. Anamkausha kwa magunia, lakini ugonjwa umeshaingia, na Gabilan anakufa kabla hajapandwa hata mara moja.

Ona tofauti. Kwa Tolstoy asiyejua ndiye anayeharibu. Kwa Steinbeck anayeharibu ni bingwa, tena kwa upendo, kwa neno moja alilolisema kwa uhakika kupita kiasi. Kwa hili Steinbeck ni mkali zaidi. Anamnyima msomaji mtu wa kumchukia. Jody hana tajiri wa kumlaumu, ana rafiki aliyekosea. Mwandishi chipukizi anayedhani hadithi lazima iwe na mbaya wake, aisome hii mara mbili.

Anna Sewell alizaliwa mwaka 1820. Akiwa msichana aliumia miguu, na kwa maisha yake mengi alitegemea magari ya farasi kwenda popote. Kitabu chake kimoja tu, Black Beauty, kilitoka mwaka 1877, na mwaka uliofuata akafariki. Humo farasi mwenyewe ndiye msimulizi. Anapokuwa kijana mwenye nguvu, anaeleza jinsi inavyokuwa kusimama bandani mchana na usiku wakati miguu inataka uwanja, na jinsi anavyomshukuru John, mtunzaji wake, anayejua kwamba machachari yale ni nguvu iliyofungiwa. Asiye na farasi anaielewa sehemu hiyo mara moja. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akakaa nyumbani mwaka mzima bila kazi, akaambiwa ana utovu wa nidhamu, anaielewa hata zaidi.

Tena Sewell ana mkesha wa mwaka mpya unaotosha kumpa nafasi yake kati ya wakubwa. Jerry, dereva wa gari la farasi London, anawapeleka mabwana wawili kwenye nyumba ya kucheza karata. Wanamwambia awafuate saa tano usiku. Wanatoka saa saba na robo. Saa zote hizo upepo wenye mvua ya barafu unavuma, Jerry anamfunika farasi, anapigapiga mikono yake kifuani, anasubiri. Farasi anapona, Jerry ndiye anayeugua kifua, na kazi ya gari inamshinda moja kwa moja. Ukipita usiku nje ya kumbi zetu za harusi ukaona madereva wamesinzia juu ya usukani, utajua kwamba mkesha ule haujaisha.

Ila Sewell ana udhaifu wake. Farasi wake ana adabu mno. Anaongea kama mtumishi aliyelelewa vizuri, anaomba huruma, hadai haki. Mwenye moto ni Ginger, jike aliyefundishwa kazi kwa ukatili tangu mwanzo, anayeuma na kupiga mateke kwa sababu hakuna lugha nyingine iliyowahi kusikilizwa. Ginger anakufa vibaya, na mwenzake mpole anaishia kupata makao mema. Najua, Sewell alitaka tumlilie Ginger, na tunamlilia. Lakini mpangilio wa kitabu unatuambia pia kwamba mpole hulipwa. Mukhorty alikuwa mpole na akaganda amesimama. Namwamini zaidi Tolstoy hapo.

Sasa nawageukia wenzangu wa aina mbili. Wa kwanza wanasema: farasi na theluji ni mambo ya Wazungu, tuandike ya kwetu. Wa pili wanajaza theluji kwenye hadithi zao ili zionekane za kimataifa, na mhusika anatembea kwenye baridi ya Moscow na shati la mikono mifupi. Hawa wawili wana ugonjwa mmoja. Wa kwanza anadhani kuzaliwa mahali kunatosha kumfahamisha, wa pili anadhani kutaja mahali kunatosha. Mbona yule anayedai kuandika ya kwetu hajui mwenye punda wa Lamu anafanya nini mnyama akichubuka mgongo? Hajui kijana wa mkokoteni anapanga vipi magunia ili ushuke mlima bila kumponda. Ameyaona tangu utoto, hajawahi kuuliza.

Ombi langu ni dogo. Katika mswada ulio mezani kwako sasa hivi, mtafute mtu mmoja anayefanya kazi: mama lishe, utingo, fundi baiskeli. Funga daftari, nenda kasimame naye siku tatu. Angalia anaanza na kitu gani kabla ya kazi yenyewe, kile ambacho ni sawa na kupasha lijamu kwa viganja. Angalia anamalizia na kitu gani wakati wateja wameshaondoka. Muulize nani anamlipa, na nani hamlipi. Rudi uandike ukurasa mmoja, usitie mfano hata mmoja wa farasi.

Halafu, hadithi ikifika mwisho na mhusika wako mkuu ameshapata nuru yake, geuka nyuma kidogo. Tazama nani kabaki nje, na turubai lake liko wapi.